Westgate, Riverside na somo lililosomwa nusu

Alasiri ya Jumamosi, Septemba 21, 2013, ndani ya jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, lililokuwa limevamiwa na magaidi, afisa aliyekuwa akiongoza Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, alipigwa risasi akafa. Aliyempiga hakuwa gaidi. Wanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya, walikuwa wameingia jengoni kwa upande mwingine, wakakutana na watu wenye bunduki, baadhi yao wamevaa nguo za kiraia, wakafyatua. Kwa maelezo yaliyotoka baadaye, Recce walikuwa tayari wamewasukuma washambuliaji kwenye kona moja ya jengo. Walimbeba kiongozi wao, wakatoka nje kwa hasira, na nafasi ile ikapotea. Shughuli ambayo huenda ingeisha kabla ya magharibi ikaendelea hadi Jumanne.

Kila nikisikia mtu akitaja mafunzo ya usalama wa taifa, mimi huanzia hapo. Siendi kwanza kwenye mipaka ya Somalia, wala kwenye itikadi ya Al-Shabaab, wala kwenye idadi ya kamera barabarani. Naanza na jengo moja lenye washambuliaji wanne, na nje yake maafisa wengi kupindukia, ila hakuna hata mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia mwenzake asimame. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Westgate tuliwaingiza watatu: polisi wa kawaida, GSU na jeshi, kila mmoja na mkubwa wake na redio yake.

Watu 67 waliuawa. Miongoni mwao alikuwa Kofi Awoonor, mshairi mkongwe wa Ghana aliyekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi, na mpwa wa Rais Uhuru Kenyatta pamoja na mchumba wake. Juu, kwenye maegesho ya paa, watoto walikuwa katika shindano la mapishi. Washambuliaji, nasema tena, walikuwa wanne.

Kabla vikosi havijafika kwa mpango wowote unaoeleweka, kazi ya kuokoa ilikuwa imeanzwa na watu ambao hawakutajwa katika mpango wowote wa serikali. Walikuwepo polisi waliokuwa zamu jirani, wakiwa na bastola zao tu, wakazi wa Westlands wenye bunduki za leseni, wengi wao Wakenya wenye asili ya Kihindi wanaolinda mitaa yao kwa zamu, na vijana wa Msalaba Mwekundu. Abdul Haji, mwana wa aliyekuwa waziri Yusuf Haji, alipata ujumbe wa simu kutoka kwa ndugu yake aliyekwama ndani, akachukua bastola akaenda. Ile picha ya msichana mdogo akikimbia sakafuni kumfuata mtu aliyenyoosha mkono, huyo mtu ndiye yeye. Mamia walitoka jengoni kwa namna hiyo. Oshwal, jumuiya ya Wakenya wenye asili ya Kihindi, ilifungua kituo chake jirani, na kwa siku kadhaa watu walipanga foleni kutoa damu.

Naitaja picha ile kwa sababu nyingine pia. Mwokoaji alikuwa Mkenya Msomali, Mwislamu. Baada ya miezi saba hivi, watu wa jamii yake walikuwa wakisombwa usiku kutoka mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kupelekwa uwanja wa Kasarani. Nitarudi hapo.

Suala la dakika sitini za mwanzo za shambulio halikuanzia kwetu. Mumbai, Novemba 2008, vijana kumi waliteka mahoteli mawili makubwa na kituo cha Wayahudi, na kupiga watu risasi kwenye stesheni ya reli. Watu 166 walikufa. Kikosi maalumu cha India, NSG, kilikuwa Manesar, karibu na Delhi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mumbai, na hakikuwa na ndege yake. Mashambulizi yalianza usiku kama saa tatu u nusu. Makomando waliingia kazini asubuhi. Wahindi walikasirika, kisha wakafanya jambo la kiufundi lisilo na mbwembwe: mwaka uliofuata wakafungua vituo vya NSG Mumbai, Kolkata, Chennai na Hyderabad. Walipunguza umbali. Basi.

Sisi tulikuwa na habari za Mumbai kwa miaka mitano kabla ya Westgate. Na baada ya Westgate tulikuwa na habari za Westgate yenyewe, lakini tazama Garissa. Aprili 2, 2015, washambuliaji wanne waliingia chuo kikuu alfajiri wanafunzi wakiwa vitandani. Recce wako Ruiru, viungani mwa Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita mia tatu. Walifika baada ya mchana kuingia, na waliporuhusiwa kuingia mabwenini jioni, kazi yao ilichukua muda mfupi. Waliouawa walikuwa 148, wengi wao wanafunzi. Mtu akiniambia Garissa ilikuwa kosa la ujasusi, namjibu kwamba ilikuwa pia kosa la ratiba: watu wanaojua kazi walikuwapo, walikuwa tayari, na walikosa usafiri wakati ambapo kila dakika ilikuwa na jina la mtoto wa mtu.

Riverside ndipo tulipoona somo limeingia. Januari 15, 2019, kama saa tisa alasiri, mtu mmoja alijilipua karibu na mkahawa katika jengo la 14 Riverside, kwenye hoteli ya DusitD2, na wenzake wanne wakaingia na bunduki. Watu 21 waliuawa. Ni wengi mno, na familia zao hazitaki kusikia tukilinganisha hesabu. Hata hivyo, safari hii polisi ndio walioongoza, jeshi likabaki pembeni, vikosi maalumu vilifika kwa haraka na kuanza kufagia ofisi moja baada ya nyingine, na zaidi ya watu 700 walitolewa wakiwa hai. Asubuhi ya pili, kabla ya saa tano, Rais alitangaza kwamba operesheni imekwisha. Hakuna askari aliyempiga mwenzake. Hakuna aliyeonekana kwenye kamera akitoka na mfuko wa plastiki, kama walivyoonekana wanajeshi Westgate.

Anayesema Kenya haijifunzi, basi, anasema uongo. Ilijifunza kupiga. Ilijifunza nani aingie kwanza na nani asubiri. Somo la pili ndilo liliachwa, nalo ni la kusema kilichotokea.

Turudi 2013. Jumatatu ya Septemba 23 moshi mzito ulipanda kutoka Westgate, na waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Joseph Ole Lenku, akatueleza kwamba magaidi wanachoma magodoro. Sehemu ya nyuma ya jengo iliporomoka, magari yakaanguka kutoka maegesho ya paa hadi chini, maiti zikafukiwa. Hadi leo nikikutana na Mkenya wa rika langu na kusema neno magodoro, anajua ninachomaanisha. Tuliambiwa washambuliaji ni kati ya kumi na kumi na watano. Waziri wa mambo ya nje aliiambia televisheni ya Marekani kwamba kuna Wamarekani wawili au watatu na mwanamke Mwingereza kati yao. Mwenzake wa usalama alisema ni wanaume watupu, labda baadhi walivaa mavazi ya kike. Wakati huohuo Al-Shabaab walikuwa Twita wakitangaza mashambulizi kana kwamba ni mechi, akaunti yao ikifungwa wanafungua nyingine. Serikali ilikuwa ikibishana na muuaji kuhusu ukweli, na ukweli haikuwa nao.

Kisha zikaja picha za kamera za ndani ya duka kubwa, wanajeshi wakipita na mifuko myeupe. Mkuu wa majeshi alieleza kwamba walichukua maji ya kunywa. Baadaye wanajeshi wawili walifukuzwa kazi na kufungwa kwa wizi, na hapo kila mtu akaachwa afanye hesabu zake mwenyewe kuhusu maji.

Oktoba 1, kwenye maombi ya kitaifa, Rais Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Tume hiyo haikuundwa. Kilichofanyika ni kamati ya pamoja ya Bunge, ambayo ripoti yake ilifika mbele ya wabunge Machi 2014 na wabunge wenyewe wakaikataa kwa kuwa nyepesi. Hawakukosea, ilikuwa nyepesi kweli. Ilikuwa na hamu kubwa ya kufunga kambi za wakimbizi kuliko ya kujua nani alitoa amri gani saa ngapi. Lakini ilisema jambo moja zito: kwamba shirika la ujasusi lilikuwa limetoa tahadhari mapema, na polisi hawakuzifanyia kazi. Polisi nao walilalamika kwamba tahadhari zilikuwa za jumla mno. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo tatizo. Onyo linalopelekwa kwa kila mtu bila kusema nani afanye nini ni kama utabiri wa mvua za masika: wote tumeusikia, na wote tumelowa.

Waingereza wana makosa yao, tena mengi, ila hebu tuone walivyofanya baada ya Manchester. Mei 22, 2017, mtu alijilipua kwenye ukumbi wa muziki na kuua watu 22, wengine watoto. Uchunguzi wa hadhara ukaongozwa na jaji mstaafu, Sir John Saunders, ukatoa majuzuu matatu kati ya 2021 na 2023. Humo imeandikwa bila kuficha kwamba zimamoto walichukua zaidi ya saa mbili kufika. Imeandikwa kwamba mzazi mmoja alimtilia shaka yule mtu na mkoba wake mzito akawaeleza walinzi wa ukumbi. Kwamba mlinzi kijana wa miaka 18 aliogopa kumkabili asije akaitwa mbaguzi. Kwamba alijaribu kuita kwenye redio, hakupata mtu. Machi 2023 mkuu wa MI5, shirika la ujasusi wa ndani la Uingereza, alisimama mbele ya kamera akaomba radhi kwa fursa waliyoipoteza. Ripoti hiyo haikuwafufua wafu. Lakini kila meneja wa ukumbi nchini Uingereza sasa anaweza kufungua ukurasa akasoma jinsi redio ya mlinzi mmoja ilivyoshindwa.

Sisi kurasa hizo hatuna. Kuhusu Westgate tuna makala za wanahabari, filamu za televisheni, na maneno ya watu waliokuwapo. Kesi ilikwenda hadi Oktoba 2020, wawili wakapatikana na hatia ya kuwasaidia washambuliaji, mmoja akafungwa miaka 33 na mwingine 18. Mahakama ilifanya kazi yake, ila mahakama huuliza nani alimsaidia gaidi. Haiulizi kwa nini redio ya polisi haikusikika na redio ya jeshi.

Mtaniambia siri za usalama hazianikwi juani. Sawa. Majina ya watoa habari yafichwe, mbinu za kuingia jengoni zifichwe, hata idadi ya risasi ifichwe. Lakini tabia ya kuficha ikishakuwa mazoea, haibagui. Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF ya El Adde huko Somalia. Idadi rasmi ya wanajeshi wetu waliouawa siku ile haijawahi kutangazwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile, Riverside ikashambuliwa. Usiku huo waziri Fred Matiang'i alitangaza kwamba hali imedhibitiwa. Milio ya risasi ikasikika tena baada ya tangazo. Watu waliokuwa wamejificha chini ya meza humo ndani walikuwa na simu mikononi. Walikuwa wakisoma habari zilezile tulizosoma sisi nje, na wapo walioamua kutoka au kubaki kwa kutegemea maneno ya serikali. Tangazo la usalama wakati wa shambulio ni sawa na amri ya kijeshi. Ukiitoa kabla ya wakati, unaweza kuua mtu.

Na huku kwenye mitaa? Hapa ndipo Eastleigh inaporudi. Aprili 2014 ilianza operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi Wasomali, wenye vitambulisho na wasio navyo, walikamatwa, wengi wakapitishwa Kasarani. Eastleigh watu walikuwa wakitania kwa uchungu kwamba polisi wanawaona kama mashine za ATM: ukimbonyeza Msomali, pesa zinatoka. Desemba mwaka huo Bunge lilipitisha sheria mpya za usalama huku wabunge wakirushiana ngumi na makaratasi, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vinane kwa kukiuka katiba.

Sasa mwangalieni aliyetajwa kuwa kiongozi wa shambulio la Riverside. Jina lake Salim Gichunge. Alikulia Isiolo. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa KDF. Aliishi kwenye nyumba ya kukodi Muchatha, kaunti ya Kiambu, katika mtaa wa watu wa tabaka la kati wanaotoka asubuhi kwenda kazini, na siku chache kabla ya shambulio nyumba yake ilikuwa ikiuza vyombo na samani kana kwamba wenyewe wanahama. Aliyejilipua alitoka Mombasa. Wavu wa Kasarani usingewanasa hawa hata ungetandazwa miaka kumi. Ulikuwa umetegwa kumnasa mtu kwa sura yake, na hawa hawakuwa na sura hiyo. Gharama yake ikawa kwamba mama wa Eastleigh ambaye angesikia mwanawe anazungumza mambo ya ajabu kwenye simu alishajua polisi watamfanya nini huyo mwana akienda kuwaeleza. Kwa hiyo hakwenda.

Dawa iliyoletwa ilikuwa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujuana na kuripoti wanachokitilia shaka, uliotangazwa muda mfupi baada ya Westgate. Tuliukopa Tanzania, ambako TANU, chama tawala cha wakati huo, iliwaweka wajumbe wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960. Napenda wazo lenyewe. Mjumbe wa Kitanzania wa zamani alijua nani amelala kwa nani bila kushika bunduki. Lakini mjumbe yule alikuwa mtu wa shughuli zote: ugomvi wa mke na mume, barua ya kwenda ofisini, msiba, mgawo wa sukari miaka ya shida. Kwa kuwa watu walimwendea kwa yote hayo, na habari za wageni zilimfikia. Sisi tuliichukua kazi moja tu ya mwisho, ile ya kuripoti, tukaacha zote zilizomfanya mtu aaminiwe. Kwenye maghorofa ya Ruaka, viungani mwa Nairobi, mtu hajui jina la jirani wa mlango wa pili; anajua tu kwamba huwa anachelewa kulipa pesa za maji.

Na hata kule ilikotoka, wale wanaoijua serikali ya mtaa hulipia. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani Pwani, wauaji waliokuwa wakivizia usiku hawakuanza na mawaziri. Waliwaua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, viongozi wa chama, na polisi waliokuwa njiani kutoka zamu. Ukimwomba raia awe jicho la taifa, mpe kwanza uhakika kwamba jina lake halitafika sokoni kabla ya taarifa yake kufika kituoni. Sijawahi kuona serikali yoyote ya ukanda wetu ikizungumzia hilo kwa uzito unaolingana na mahitaji.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakigharimu chochote, na ndiyo maana hakina mfadhili. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi uliposhambuliwa, kabla ya lile bomu kubwa palisikika mlio wa guruneti na risasi. Watu kwenye maghorofa ya jirani walikimbilia madirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye vioo viliwarudia usoni. Ndiyo sababu kati ya maelfu ya majeruhi wa siku ile walikuwamo wengi waliopoteza macho. Ni zaidi ya robo karne sasa. Sijui shule hata moja ninayoipita ambako mtoto anafundishwa kwamba ukisikia mlipuko usiende dirishani, lala chini, kaa mbali na vioo. Tunawafundisha kuvuka barabara, jambo zuri, na hapo tumeishia.

Majuzi nilikwenda kununua chaja kwenye jumba la maduka, sitalitaja. Langoni palikuwa na soja, mzee kidogo, koti lake kubwa kuliko mabega. Alipitisha kifaa chake mgongoni mwangu, kikalia. Kikalia tena. Akanipungia mkono nipite. Nikasimama, nikamwuliza, "Mzee, kimelia mara mbili, hutaki kujua ni nini?" Akacheka. "Ni mshipi wako, bosi. Hulia kwa kila mtu." Nikamwuliza kama ana redio. Anayo, akanionyesha kiunoni, ila betri ilikuwa imekwisha tangu asubuhi na ya kubadilisha iko kwa msimamizi, na msimamizi yuko tawi lingine. Nikamwuliza tena, kukitokea neno, wateja watoke kwa mlango upi?

Aliufikiria mlango mkubwa ulio nyuma yangu, kisha akaangalia ule mdogo wa kupokelea mizigo uliofungwa kwa kufuli.

"Huo wa mizigo ungefaa," alisema. "Lakini ufunguo sijui anao nani."